Karabai au taa za betri? Mvuvi wa dagaa apige hesabu kwanza

WAVUVI wa dagaa kisiwani Mafia hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu na wengi hupumzisha vyombo.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Fundi wake hakosekani, lakini kila usiku hudai mafuta ya taa, na kioo chake chenye moto hupasuka kikirukiwa na maji. Aidha, mwanga wake husambaa pande zote, hivyo mwingi hupotea hewani.

Taa za LED huelekezwa majini na hutumia umeme kidogo. Kikwazo ni gharama ya kuanzia.

Tuseme chombo kinatumia mafuta ya Sh20,000 kwa usiku, usiku 20 kwa mwezi. Hiyo ni Sh400,000. Ikiwa taa na betri ni Sh1,200,000, na kuchaji ni Sh5,000 kwa usiku, kitaokoa Sh300,000 kwa mwezi. Mtaji utarudi baada ya miezi minne.

Hata hivyo, mafuta hukatwa kabla ya mgawo, wakati taa hununuliwa na mwenye chombo. Asipoangalia, gharama itakuwa yake na nafuu itakuwa ya wote. Ni vyema akubaliane mapema na mabaharia wake kwamba fedha iliyookolewa ilipe taa kwanza, kisha sehemu iwe akiba ya betri mpya.

Mnunuzi ahakikishe pia kuwa taa haipitishi maji ya chumvi, na betri inafika alfajiri.