Pembe Butu Kwenye Mapaa ya Kariakoo

Anayetoka Mchafukoge kwa miguu, akakatiza Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, bado huziona katikati ya maghorofa nyumba chache za zamani za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, na bati lenye kutu juu. Bati hilo linabebwa na kenchi, yaani fremu ya mbao ya paa, na kenchi hiyo, karibu mara zote, ni pembetatu butu.

Pembetatu huitwa butu pembe yake moja ikizidi nyuzi 90. Ni moja tu, kwa kuwa pembe zote tatu zikijumlishwa hupatikana nyuzi 180. Zikiwa butu mbili, hesabu imeshapita kabla ya kuifikia ya tatu. Kwenye kenchi pembe butu hukaa kileleni, ikitazamana na upande mrefu kuliko yote, yaani ile mbao ya chini iendayo ukuta hadi ukuta.

Zamani haikuwa hivyo. Mapaa ya makuti hayataki maji yakawie juu yake, la sivyo huvuja na kuoza, kwa hiyo huinuliwa kwa nyuzi 45 au zaidi. Paa likiinuka nyuzi 45 kila upande, kileleni hubaki 90 kamili. Likizidi hapo, pembe ya juu huwa kali. Kisha yakaja madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, yakaja na mabati. Juu ya bati maji huteremka hata kwa nyuzi 15, na hapo kilele hufunguka hadi 150.

Faida yake ni mbao. Kwa nyumba yenye upana wa mita 8, bila kuhesabu ukingo unaotokeza nje, mteremko wa nyuzi 45 unahitaji mbao ya mita 5.66 kila upande. Wa nyuzi 15 unahitaji mita 4.14.

Kipimo cha kuitambua pembe butu mafundi wanacho tayari. Wanapochora msingi hupima 3 upande mmoja na 4 upande wa pili. Kamba ya kuunganisha ncha ikisoma 5, kona ni mraba. Ikizidi 5, kona imefunguka: ni butu. Euclid aliliandika jambo hili katika kitabu cha pili cha *Elementi*, takriban miaka 2,300 iliyopita. Kwenye kenchi yetu ya nyuzi 15, 8 mara 8 ni 64, ilhali miraba ya mbao mbili za mteremko ikijumlishwa haifiki 35, kwa hiyo kilele ni butu.

Lakini pembe hiyo ina deni lake. Kadiri kilele kinavyofunguka ndivyo mbao za mteremko zinavyosukuma kuta nje. Kwa uzito uleule, kushuka kutoka nyuzi 45 hadi 15 huongeza msukumo huo karibu mara nne. Inayoupokea ni ile mbao ya chini, ambayo wengi huidhani ni ya kupigilia dari tu. Fundi akiikata ili kupata nafasi, au akiiunga katikati kwa misumari miwili, kinachobaki kuuzuia msukumo huo ni kuta zenyewe.