Gurudumu Likilia, Usilinyamazishe kwa Mafuta

Mwezi huu siandiki juu ya masomo, naandika juu ya gari.

Januari 2025, vita ilipofika Goma, tulivuka Grande Barrière tukiwa watu kumi nyuma ya pikapu ya kukodi, na magodoro juu. Foleni ilikuwa ndefu. Gari inasogea kidogo, inasimama, dereva anavuta breki ya mkono. Tulipotoka Gisenyi kufuata barabara ya Musanze, gurudumu moja la nyuma likaanza: kwii, kwii, kwii. Kijana mmoja akasema, "Tulimwagie mafuta!" Sisi wa Goma tumezoea chukudu: ikilia, unapaka mafuta, inanyamaza.

Mzee mmoja fundi akakataa kabisa. "Mwanangu, chukudu ni mbao. Humu ndani kuna breki. Mafuta yakiingia, gari haisimami tena. Kwanza tuulize: inalia wakati gani?"

Akatufundisha hivi:

- Ikilia kwenye mashimo tu, angalia springi.
- Ikinguruma na kuzidi kadiri mwendo unavyozidi, shuku beringi.
- Ikilia ukikanyaga breki tu, huenda kuna vumbi ndani ya ngoma ya breki, au laini za breki zimekwisha.
- Ikilia bila kukanyaga, na gurudumu hilo lina moto kuliko la upande wa pili, breki haijaachia.

Yetu ilikuwa hiyo ya mwisho. Mzee alisogeza kiganja karibu na rimu, bila kugusa: moto! Tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, breki ya mkono ikashushwa, jeki ikapandisha gari. Gurudumu lilikuwa gumu kuzungusha. Kumbe waya wa breki ya mkono ulikuwa na kutu, ukavutwa pale kwenye foleni, haukurudi. Aliurudisha, gurudumu likazunguka. Akamwambia dereva asiivute tena mpaka waya ubadilishwe. Akisimama, aweke jiwe.

Tungeendelea vile, ngoma ingezidi kupata moto, na kwenye mteremko breki ingekosa nguvu. Na watoto walikuwa nyuma.

Basi ndugu zangu, ukipanda gari ukasikia kilio, usione haya kumwambia dereva. Mtoto akilia hatumzibi mdomo. Tunamuuliza anaumwa wapi.