Pangaboi la Tarakilishi na Sauti ya Msemaji

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Methali hii inasawiri tabia moja ya sikio la binadamu: mlio usiokoma huzoeleka, hata ukawa kana kwamba haupo. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya tarakilishi kwa saa nzima hausikii tena mvumo wa pangaboi lililomo ndani ya sanduku lake. Maikrofoni, hata hivyo, haina mazoea. Mwanafunzi huyo anaporudi kusikiliza simulizi aliyoirekodi, huukuta mvumo ule ule umetandazwa chini ya kila neno la msemaji.

Makala haya yanaeleza chanzo cha kelele hizo, sababu inayozifanya kuwa adui mkubwa wa mtafiti wa lugha, na hatua za kufuata katika kubadilisha pangaboi lenye kelele kwa jingine lililo tulivu. Neno pangaboi limetumiwa kwa maana ile ile ya feni.

Kwa nini tarakilishi huhitaji pangaboi

Karibu umeme wote unaotumiwa na kichakataji hugeuka kuwa joto. Kichakataji cha Pentium 4 chenye kasi ya gigahezi 3.8, kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka wa 2004, kilikadiriwa kutoa joto la wati 115. Hilo ni zaidi ya joto la balbu ya wati 100, nalo hutoka katika kipande kinachoenea kiganjani. Joto hilo hupokelewa na bonge la alumini au shaba lenye mbavu nyembamba, kisha pangaboi hupitisha hewa baina ya mbavu hizo. Pangaboi likisimama, kichakataji hujipunguzia kasi, na joto likizidi tarakilishi hujizima. Kwa hiyo, kelele haziondolewi kwa kuling'oa pangaboi. Sharti hewa iendelee kupita.

Kampuni ya Apple ya Marekani ilijifunza jambo hili kwa njia ngumu. Mwaka wa 2000 ilitoa tarakilishi ya Power Mac G4 Cube isiyo na pangaboi, ambamo hewa ya moto ilipanda na kutoka yenyewe. Wanunuzi walikuwa wachache, na mwaka wa 2001 utengenezaji wake ukasitishwa. Mwaka wa 2002 ikatoa Power Mac G4 nyingine iliyovuma kwa nguvu kiasi kwamba watumiaji waliipachika jina la handaki la upepo. Malalamiko yalipozidi, mwaka wa 2003 kampuni ilikubali kuwapelekea wenye tarakilishi hizo pangaboi na kisanduku cha umeme vyenye mvumo mdogo, kwa malipo ya takriban dola 20. Mwaka huo huo ikatoa Power Mac G5. Hii ilikuwa na mapangaboi tisa, lakini ilikuwa tulivu kuliko ile iliyoitangulia, kwa kuwa kazi iligawanywa na kila pangaboi likazunguka polepole. Funzo ni kwamba wingi wa mapangaboi sio unaoleta kelele; kasi yake ndiyo.

Kelele hutoka wapi?

Kelele za pangaboi ni za aina mbili. Aina ya kwanza hutokana na hewa yenyewe. Bapa zinapoikata hewa, hutokea mvumo mpana usio na noti maalumu, na juu yake mlio mmoja unaotegemea idadi ya bapa na kasi ya mzunguko. Pangaboi la bapa saba linalozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde, nalo hutoa mlio wa hezi 350. Aina ya pili hutokana na mashine: beringi iliyokauka mafuta au kulika husaga na kukwaruza, na mtikisiko wake hupitia kwenye skrubu hadi kwenye bati la sanduku, ambalo huukuza kama ngozi ya ngoma.

Uhusiano wa kasi na kelele ni wa ajabu kidogo. Pangaboi likipunguziwa kasi hadi nusu, hewa linayopitisha hupungua kwa nusu pia, lakini kelele hupungua kwa takriban desibeli 15. Kwa kuwa sikio huhesabu upungufu wa desibeli 10 kama nusu ya ukubwa wa sauti, faida hiyo ni kubwa mno ikilinganishwa na hewa iliyopotea. Hewa hiyo nayo yaweza kufidiwa kwa kupanua pangaboi. Pangaboi la milimita 120 lina eneo lipatalo mara mbili na robo ya lile la milimita 80. Kwa hiyo laweza kupitisha hewa ile ile kwa chini ya nusu ya mizunguko. Pangaboi kubwa lizungukalo polepole ndilo msingi wa utulivu wote.

Mvumo na sauti za Kiswahili

Kwa mhasibu, mvumo huu ni usumbufu tu. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ni kikwazo cha kitaaluma. Vikwamizo visivyo ghuna, yaani /f/, /th/, /s/, /sh/ na /h/, hutamkwa kwa kupitisha hewa kwenye mwanya mwembamba. Kwa umbo lake la kiakustika, ni mvumo wa hewa, na hivyo ni ndugu wa mvumo wa pangaboi. Vilivyo hafifu zaidi, hasa /f/ na /th/, ndivyo vinavyofunikwa kwanza. Anayenukuu kutoka katika kanda yenye mvumo huweza kushindwa kujua kama msemaji alitaja thamani au samani.

Hali huwa mbaya zaidi katika utafiti wa lahaja. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa mnyama hutofautishwa kwa mpumuo unaoandamana na /p/ ya neno la pili. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Mpumuo huo ni pumzi fupi na dhaifu mno. Nao mlio wa hezi 350 uliotajwa hapo juu umekaribiana na fomanti ya kwanza ya irabu za juu /i/ na /u/, iliyo karibu na hezi 300. Programu za kusafisha sauti husaidia kwa kiasi fulani, lakini zinapoufuta mvumo huweza kuufuta pia mpumuo uliofunikwa nao, kwani vyote viwili ni hewa.

Ni kweli kwamba simu ya mkononi haina pangaboi, na wengi hurekodi kwa simu nyanjani. Hata hivyo, mahojiano ya mtandaoni, usomaji wa matini na unukuzi hufanyiwa mbele ya tarakilishi. Anayenukuu katikati ya mvumo hulazimika kuongeza sauti ya vidude vya masikioni, na masikio yake huchoka kabla ya kazi kwisha.

Hatua za kubadilisha

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Vumbi likiziba mbavu za bonge la chuma, joto hupanda na tarakilishi huongeza kasi ya mapangaboi. Tarakilishi izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kisha vumbi liondolewe kwa brashi laini huku bapa zimeshikwa zisizunguke. Mara nyingine kazi yote huishia hapo.

Hatua ya pili ni kumtambua mkosaji. Tarakilishi ikiwa imezimwa, mapangaboi ya sanduku huchomolewa moja moja, isipokuwa lile la kichakataji, kisha tarakilishi huwashwa kwa muda mfupi na kusikilizwa. Hatua hii haifai kurukwa, kwa kuwa desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Tarakilishi yenye pangaboi moja la desibeli 40 na mawili ya desibeli 30 hutoa jumla ya takriban desibeli 41. Yale mawili yakiondolewa kabisa, zitabaki 40, na sikio halitaona tofauti kubwa. Lile moja likibadilishwa kwa la desibeli 25, jumla itashuka hadi 34 hivi.

Hatua ya tatu ni kupima. Fremu hupimwa upande hadi upande: milimita 80, 92, 120 au 140, na unene wa kawaida ni milimita 25. Mapangaboi mengi ya tarakilishi za mezani hutumia volti 12. Plagi yenye matundu matatu hupeleka umeme na kurudisha taarifa ya kasi. Yenye manne huongeza waya wa kuamuru kasi, na hiyo ndiyo bora, kwa sababu pangaboi hutulia kazi inapokuwa nyepesi. Katika kuchagua, beringi ya majimaji hupendelewa kwa utulivu na uimara wake. Kampuni ya Noctua ya Austria, iliyoanzishwa mwaka wa 2005, ni miongoni mwa zilizojijengea jina kwa mapangaboi ya aina hii.

Hatua ya nne ni kufunga. Hewa hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota. Pangaboi likigeuzwa, joto litarudishwa ndani. Vishikizo vya mpira vikitumiwa badala ya skrubu, mtikisiko haufiki kwenye bati. Baada ya kufunga, halijoto ya kichakataji ichunguzwe tarakilishi ikiwa kazini, kwani utulivu ulionunuliwa kwa kukiunguza kichakataji ni hasara.

Tahadhari mbili zizingatiwe. Kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani kisifunguliwe kamwe na asiye fundi, kwa sababu kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Pangaboi lake likiharibika, kisanduku kizima hubadilishwa. Pili, pangaboi la kipakatalishi huundwa kwa ajili ya modeli yake, hivyo halipanuliwi. Dawa yake ni kulisafisha, na kukiweka kipakatalishi juu ya meza ngumu badala ya mto au kitanda, ili matundu yake yasizibwe.

Hitimisho

Imebainika kwamba kelele za tarakilishi zina chanzo kinachojulikana na tiba isiyohitaji utaalamu mkubwa: kusafisha, kumtambua mkosaji, kisha kuweka pangaboi pana lizungukalo polepole. Kazi hiyo hufanywa kwa bisibisi moja katika muda usiozidi alasiri moja. Kanda iliyoharibika ni kisa tofauti. Mzee aliyesimulia huenda asiwepo mwaka ujao, na mpumuo uliomezwa na mvumo hauna wa kuurudia. Mwenye nyumba na aendelee kulala licha ya kelele za mlango wake. Lakini anayekusudia kuihifadhi sauti ya mwingine hana budi kuutia mlango huo mafuta kabla msemaji hajafungua kinywa.