MAPISHI: Kokoa ya njugu ya kufukuza baridi ya Nakuru

BARIDI ya Nakuru haipigi hodi. Jiji liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Julai upepo wa jioni unakupata hata ndani ya blanketi. Ukipanda Molo ndio utajua hujui. Chai tumeizoea, sasa jaribu kokoa yenye siagi ya njugu. Sufuria moja na jiko la gesi la bedsita vinatosha.

Tuanze na njugu zenyewe, maana hapo ndipo kuna kazi. Njugu zikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo huweza kutoa aflatoksini, sumu inayodhuru ini. Si hadithi: mwaka 2004 watu 125 walifariki, wengi wao Ukambani, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2019 shirika la KEBS lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya njugu kwa sababu iyo hiyo.

Usidhani ukichemsha umemaliza. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Kwa hivyo mwaga njugu kwenye sinia, uzichague moja moja. Tupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Hatari itapungua sana. Ukinunua ya kopo, angalia alama ya ubora na tarehe.

Viungo (vikombe viwili)
- Maziwa vikombe 2
- Siagi ya njugu vijiko 2 vikubwa
- Unga wa kokoa kijiko 1 kikubwa
- Sukari vijiko 2 vya chai
- Chumvi, chembe tu

Kama una ile chokoleti ya kunywa ya kopo, tayari ina sukari. Onja kwanza kabla ya kuongeza.

Maelekezo

Kujitengenezea siagi ni rahisi. Kaanga njugu bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga, hadi maganda yaanze kuachia. Zikipoa, zisugue kwa viganja, upepete, kisha usage kwenye blenda. Mwanzoni utaona unga mkavu. Usitie maji, pumzisha blenda, endelea kusaga, na mafuta ya njugu yatatoka yenyewe.

Koroga kokoa, sukari na chumvi kwa vijiko vitatu vya maziwa baridi hadi madonge yaishe.

Chemsha maziwa yaliyobaki. Kama ni mabichi, yaache yachemke sawasawa. Punguza moto, mimina mchanganyiko wa kokoa, koroga dakika mbili.

Sasa weka siagi kwenye bakuli, uilainishe kwa maziwa moto, kijiko baada ya kijiko, hadi iwe kama uji mwepesi. Ndipo uirudishe kwenye sufuria, ukipiga kwa uma. Ukiitupa yote kwa mpigo, mafuta yataelea juu na madonge yabaki chini.

Teremsha kwa mandazi au mkate. Kama kuna mgeni, muulize kwanza ikiwa njugu humdhuru, kwani kuna watu ambao hata kidogo tu huwapeleka hospitalini.

Na ukionja njugu ukakuta ni chungu, iteme. Usijaribu kuificha kwa sukari.