Bei ya Mgeni Humrudia Mwenyeji

Mgeni mwenye mshahara wa Ulaya akifika Mtwara huona kila kitu ni rahisi: nyumba, samaki, hata nauli ya bajaji. Tuliyashuhudia hayo gesi ilipotafutwa kwa bidii katika bahari yetu ya kusini, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015. Baadhi ya wenye nyumba wa Shangani wakaanza kutaja kodi kwa dola, na mgeni akalipa bila kubisha.

Lakini bei ile haikubaki kwa mgeni peke yake. Mwalimu na muuguzi, walipwao kwa shilingi, waliambiwa walipe kama yeye au wahame. Wakahama, tukawakosa katika safu za alfajiri. Utafiti ulipopungua wageni nao wakaondoka, na nyumba zikabaki na makufuli.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka mjini kuulaki msafara wa biashara kabla haujafika sokoni, kwani mwenye msafara hajaijua bei iliyopo. Faida ni halali. Kuufanya mtaji ujinga wa mwenzako si halali.

Mradi mkubwa wa gesi uliopangwa Lindi ukianza, wageni watarejea. Basi wenye nyumba tujiandae tangu sasa: kodi moja kwa mgeni na kwa jirani, mkataba wa maandishi kwa shilingi, na muda wa kutosha kabla ya kuipandisha. Mgeni ataondoka na dola zake. Jirani ndiye atakayetubebea jeneza.