Kufuli la Mwenye Nyumba

Ndugu msomaji, huenda nawe u mmoja wa wale waliouza kahawa, huko Mbinga, Moshi au Bukoba, wakajenga vyumba vinne vya bati karibu na stendi mjini. Kila mwezi wapata kodi, na kodi hiyo hulipa ada ya watoto. Ni jambo jema. Lakini umekwisha kujiuliza utafanyaje siku mpangaji asipolipa?

Wengi hujibu upesi: "Nitatia kufuli langu mlangoni." Na kweli ndivyo wafanyavyo. Mpangaji arudi jioni, akuta kufuli jipya, watoto wamekaa nje na njaa, unga wao umo ndani. Pengine vyombo vyote vimetupwa uani, na mvua yanyesha.

Tuseme mtu huyo alikuwa na deni la miezi mitatu, kila mwezi shilingi 40,000. Haki ilikuwa yako kabisa. Lakini sasa yeye ndiye aendaye kushitaki. Asema umemtoa bila amri, cherehani yake imevunjika, godoro limeoza, na fedha zilizokuwa chini ya godoro hazionekani. Utajibu nini? Hukuandika orodha ya vyombo, wala hukuita shahidi. Waweza kuamriwa kulipa fidia kubwa kuliko zile 120,000 ulizokuwa ukidai.

Wako watu wasemao kwamba sheria ya kuwalinda wapangaji imekufa. Wamesikia nusu ya habari. Ile sheria ya zamani iliyozuia kodi kupandishwa ovyo ilifutwa mwaka 2005, hapa Tanzania Bara. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ingalipo, nayo yasema mpangaji aachwe akae kwa utulivu muda wake wote. Nyumba ni yako, ndiyo. Chumba ulichokwisha kupokea kodi yake, kwa muda huo ni chake.

Basi njia ni ipi? Mpe notisi ya maandishi, ukae na nakala yake. Anayelipa mwezi kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Akikaidi, nenda kwanza Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena mashauri ya ardhi na nyumba. Kazi yake ni kuwapatanisha ninyi wawili. Zikipita siku 30 bila mapatano, ndipo shauri laweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ukishinda, atakayemtoa mpangaji ni mtu aliyetumwa na baraza, wala si wewe na wanao wenye nguvu.

Njia hii yachosha, nakubali. Kwa mtu adaiye kodi ya miezi miwili, nauli peke yake yaweza kumaliza faida. Ndiyo maana wengine huona heri kumsamehe mpangaji sehemu ya deni, mradi ahame kwa amani tarehe waliyoandikiana mbele ya mashahidi. Si ujinga huo. Mara nyingi ni hesabu nzuri.

Lakini yote haya hutegemea karatasi. Kabla ya kumpa mtu ufunguo, andikeni mkataba: kodi kiasi gani, italipwa lini, nani hulipa umeme na maji, mlango na madirisha yako katika hali gani. Watie sahihi mashahidi wawili. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa kuwa usiolipiwa waweza kukataliwa kama ushahidi. Na kila ukipokea fedha, toa stakabadhi, hata kama mpangaji ni mtoto wa ndugu yako. Hasa akiwa mtoto wa ndugu yako!

Liko jambo moja ambalo akina baba hulisahau. Pengine wataka kupangisha nyumba ile ile mnayokaa, ninyi mhamie shambani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mpangaji akiisha kuingia, na mke akasema hakuulizwa, mnalo shauri nyumbani na shauri jingine barazani. Basi jioni hiyo ya kuandika mkataba, mwite mama watoto, asomewe au ausome mwenyewe, na sahihi yake iwe pale chini karibu na yako.