Kupima, Kuhakiki na Kurekebisha: Istilahi za Zana za Seremala

Majina ya zana za seremala hayamsumbui sana mfasiri, kwani mafundi wanayo tangu zamani: randa, patasi, msumeno, guni, timazi, pimamaji. Ugumu umo katika vitendo. Neno "kupima" aghalabu hubebeshwa maana mbili: kuitazama kazi kwa kutumia chombo, na kukichunguza chombo chenyewe kama ni sahihi. Twapendekeza maana ya kwanza ibaki na "kupima", na ya pili ipewe "kuhakiki". Kuiondoa kasoro iliyogunduliwa ni "kurekebisha". Mifano ifuatayo yaonyesha kwa nini yafaa kuyatenga maneno hayo.

Guni. Katika ushairi, guni ni utungo wenye kasoro ya vina au mizani. Kwa seremala ni chombo cha kupimia pembe mraba. Kulihakiki, fundi huliegemeza kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, akachora mstari. Kisha hulipindua, akachora mstari wa pili kuanzia nukta ile ile. Mistari ikilaliana, guni ni sahihi. Ikiachana, uwazi ulio baina yao ni maradufu ya kasoro. Mathalani, uwazi wa milimita 2 kwenye urefu wa milimita 200 ni kasoro ya milimita 1. Kasoro hiyo ndogo, katika mlango wenye kimo cha mita 2, hufikia milimita 10, na mlango hautafunga. Basi mfasiri akiandika kwamba uwazi wote ndio kasoro, fundi atarekebisha kupita kiasi, na guni litakosea kwa kadiri ile ile upande wa pili. Kwa hiyo "uwazi" na "kasoro" yasichanganywe.

Pimamaji. Hiki nacho huhakikiwa kwa kubadilishwa mkao, lakini si mkao ule. Guni hupinduliwa, yaani upande wa juu huwa chini. Pimamaji hugeuzwa, yaani ncha ya kulia huwekwa kushoto, mahali pale pale, kioo kikibaki juu. Kiputo kikielekea upande ule ule wa ubao kama awali, chombo ni sahihi na ubao ndio ulioinama. Ubao ukiwa sawa lakini kiputo kikahamia upande wa pili, kasoro ni ya chombo. Mfasiri anayetumia "geuza" kwa vitendo vyote viwili humwacha mwanafunzi akikisia.

Randa. Hapa shahidi ni maranda. Fundi hujaribia randa kwenye kipande cha mti kisicho na kazi. Maranda yakiwa mazito upande mmoja na membamba upande wa pili, chuma chenye makali kimekaa mshazari, na hapana budi kukisawazisha. Yakiwa mazito kote, chuma kimetokeza mno. Hicho hurudishwa ndani kidogo. Makali yaliyobutuka hayarekebishwi kwa njia hiyo: hunolewa kwa kinoo. Kwa hiyo "kunoa" na "kurekebisha" ni kazi mbili, na kitabu cha mafunzo kizitaje mbalimbali.

Twawasihi walimu wa ufundi wayajaribu maneno haya karakanani kabla ya kuyaandika ubaoni. Istilahi nayo, kama guni, hustahili kuhakikiwa kabla ya kutumiwa kupimia.